UZI: Mgogoro wa chanjo ulinibadilisha mawazo kuhusu Brussels, lakini si kuhusu Brexit

Binti Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu, ila juzi mtu kaandika kwamba Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya) ilijilipa siku Waingereza walipochanjwa dhidi ya UVIKO-19 kabla ya Wajerumani, na watu wengi wakamuunga mkono. Nimeshindwa kukaa kimya. Jambo hilo nimeliona kwa macho yangu, na kwa miezi kama miwili hivi mimi mwenyewe niliamini hivyo hivyo.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, katikati ya Uingereza, tangu 2012. Kura ya maoni ya Juni 23, 2016 nilipiga. Wengi nyumbani hawajui kwamba sisi raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tuliruhusiwa kupiga kura ile, wakati Mpolandi au Mwitaliano aliyekaa miaka ishirini hakuruhusiwa. Mwenzangu wa kazini, dada kutoka Krakow, ndiye aliyenifundisha kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza mgongo. Siku ile alinishikia zamu ili niende kituoni, na yeye hakuwa na kura. Nilichagua kubaki. Tulishindwa, 52 kwa 48, maisha yakaendelea.

Sasa njooni Januari 2021. Aprili ya mwaka uliotangulia tulikuwa tumezika wazee ambao hata watoto wao hawakuruhusiwa kuingia kuwaaga. Kwa hiyo wauguzi walipofika asubuhi na kile kisanduku cha baridi, wafanyakazi tulisimama kwenye korido kama watu wanaosubiri maiti au bibi harusi, sijui niseme vipi. Kichupa cha AstraZeneca ni kidogo, unaweza kudhani ni dawa ya macho, na ndani yake kuna dozi kumi. Kuna bibi wa miaka 94 ambaye mkono wa sweta yake ulikataa kupanda, ikabidi nimvue kabisa na kumfunika blanketi mabegani. Alipomaliza kudungwa aliniuliza kama na mimi nitapata. Nikamwambia ndiyo, leo leo. Akaniambia, basi vizuri, kaa hapa karibu yangu.

Wakati huo huo wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko Hamburg alikoolewa. Mama mkwe wake ana miaka 82, na kila siku wanapiga simu ya miadi tangu asubuhi, simu inaita mpaka inakatika. Kwenye kundi letu la familia akaandika maneno matatu tu: "Nyie mlitoka, mkapona." Nilisoma nikiwa chumba cha chai, sikuwa na jibu.

Kisha ikaja Ijumaa, Januari 29. Nilikuwa zamu ya usiku. Wiki nzima ilikuwa ya mvutano: tarehe 22 AstraZeneca waliiambia Tume ya Ulaya, yaani watendaji wa Umoja wa Ulaya walioko Brussels, kwamba mzigo wa miezi mitatu ya kwanza utapungua sana, kwa sababu kiwanda cha Ubelgiji kilikuwa kinatoa chanjo kidogo kuliko walivyotarajia. Bosi wa kampuni, Pascal Soriot, akaliambia gazeti la Italia kwamba Waingereza waliingia makubaliano miezi mitatu kabla ya Ulaya. Kamishna wa afya, Stella Kyriakides, akajibu kwamba habari ya anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa ni ya duka la nyama mtaani, haina nafasi kwenye mikataba. Mpaka hapo mimi nilikuwa upande wa Kyriakides. Lakini jioni ile Tume ikatangaza udhibiti wa chanjo zinazotoka Ulaya, na ili zisipite mlango wa nyuma ikagusa Kifungu cha 16 cha Itifaki ya Ireland Kaskazini, yale makubaliano ya Brexit ya kuuacha wazi mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Ireland. Yaani mpaka ambao kwa miaka minne walituambia haupaswi kuguswa kwa namna yoyote, wao wenyewe waliugusa kwa ajili ya dawa, na serikali ya Ireland, mwanachama wao, haikuulizwa. Kabla ya usiku wa manane wakaondoa. Mimi nilikuwa nazunguka na taa vyumbani, redio ya jikoni inasema, na nikasema moyoni: labda wale waliotaka kutoka walikuwa na hoja.

Sikuwa peke yangu. Watu waliopinga Brexit maisha yao yote waliikosoa Tume hadharani siku zile. Gazeti la Die Zeit la Ujerumani liliandika kwamba sakata lile ni tangazo bora kabisa la Brexit. Februari gazeti jingine la huko, Bild, likawaambia Waingereza kwa herufi kubwa: tunawaonea wivu. Kwenye tafiti za maoni ya watu hapa, pengo kati ya wanaosema Brexit ilikuwa kosa na wanaosema ilikuwa sahihi likapungua mwanzoni mwa mwaka ule.

Ila baadaye nikaanza kufuatilia, na nikagundua nilichanganya mambo mawili.

Chanjo ya kwanza iliyoidhinishwa hapa ni ya Pfizer na BioNTech, Desemba 2, 2020. Bibi Margaret Keenan akachanjwa Coventry Desemba 8. Mawaziri wakasema ni matunda ya Brexit. Lakini siku ile Uingereza ilikuwa bado kwenye kipindi cha mpito, ikifuata sheria za dawa za Ulaya mpaka Desemba 31, na mamlaka ya dawa, MHRA, ilitumia kibali cha dharura ambacho sheria hizo hizo zinamruhusu mwanachama yeyote kukitoa. Mkuu wa MHRA, June Raine, alilisema hilo mwenyewe. Hungary, mwanachama kamili, ilitumia njia yake Januari 2021 ikaidhinisha Sputnik V ya Urusi na Sinopharm ya China. Na zile dozi za Pfizer zilitengenezwa wapi? Puurs, Ubelgiji. Zikapakiwa kwenye barafu kavu na kuvuka mfereji kuja kwetu.

Kwa hiyo kwangu Brussels walikosea, tena walikosea vibaya. Lakini kukosea kwao si ushahidi kwamba sisi tulipona kwa sababu ya kutoka. Naomba mnipinge kwa hoja.

---

Mutua wa Reading

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu kwa ulivyolieleza. Mimi nilipiga kura ya kutoka na sijaficha. Sababu yangu ilikuwa moja: mpwa wangu mwenye shahada alinyimwa viza mara mbili huku jirani yangu akileta binamu zake kutoka Ulaya bila karatasi. Niliona si haki. Tuliache hilo.

Kuhusu chanjo, hoja yako ya sheria ni sahihi lakini haijatosha. Sheria kuruhusu ni jambo moja, siasa kuruhusu ni jingine. Juni 2020 Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi walikuwa tayari wanazungumza na AstraZeneca kama kundi la nchi nne. Wakaambiwa wadogo wataachwa nyuma, wakakabidhi mazungumzo kwa Tume. Mkataba ukasainiwa Agosti 27. Hesabu hiyo miezi. Uingereza ingekuwa ndani, kweli ingekuwa peke yake kati ya nchi 28 kukataa mpango wa pamoja? Nchi zote 27 ziliingia. Hata moja haikubaki nje.

Uingereza ilialikwa ijiunge, Julai 2020 ikakataa, kwa sababu masharti yalitaka iache mazungumzo yake yenyewe na isiwe na sauti kwenye meza ya maamuzi. Mimi nasema kukataa kule ndiyo Brexit yenyewe. Nchi iliyokwisha zoea kusema hapana ilisema hapana kwa wakati unaofaa.

---

Binti Ngamiani

Kaka Mutua, hapo umenigusa pagumu na sitazunguka. Ni kweli, naamini ingekuwa vigumu sana kisiasa kukaa nje ya mpango ule ukiwa mwanachama. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo maana sisemi Brexit haikuhusika kabisa.

Ila tazama kilicholeta tofauti. Mei 2020 serikali hii iliweka pauni milioni 65.5 kwenye chanjo ya Oxford, na ikajihakikishia dozi milioni 100 kabla haijajulikana kama itafanya kazi. Kate Bingham alipewa kikosi kidogo cha serikali cha kutafuta chanjo, akaambiwa tafuta, nunua, jenga. Viwanda vikawekwa Oxford na Keele, kujaza kwenye vichupa kukawa Wrexham. Yaani mnyororo mzima ulianza kurekebishwa kasoro zake mapema. Kila mtu anayefahamu utengenezaji wa chanjo hizi atakwambia seli zinazokuzwa kwenye matangi hazifuati amri ya waziri. Tangi moja linatoa nyingi, la pili linatoa nusu, na inachukua miezi kujua kwa nini. Kile kiwanda cha Ubelgiji, cha Seneffe, kilikutwa na tatizo ambalo vya hapa vilikwisha kulipitia.

Na mikataba. Ya Ulaya ilisema kampuni itafanya juhudi bora zinazowezekana, na ilitaja viwanda vya Uingereza kuwa sehemu ya viwanda vya kutengenezea. Ndiyo maana Brussels walikasirika, walijua wanadai nini. Mkataba wa ununuzi wa Uingereza nao ulisainiwa Agosti 28, siku moja baada ya ule wa Ulaya! Lakini uliandikwa kwa sheria ya Kiingereza, na ulilinda zaidi mzigo wa kutoka mnyororo wa hapa. Wao walibishana sana kuhusu bei na dhima, sisi tulibishana kuhusu uhakika wa mzigo. Hicho ndicho kilichoniuma nilipokielewa: tofauti ya maisha ya watu ilikaa kwenye aya za mwanasheria.

---

Kaka wa Belfast

Mimi naomba kuongeza kidogo kuhusu ile Ijumaa, maana nyie mnaikumbuka kama habari ya redio, sisi tuliishi nayo.

Kifungu cha 16 ni cha dharura. Upande wowote unaweza kusimamisha sehemu ya Itifaki ikileta madhara makubwa. Ilikuwa imeanza kutumika Januari 1. Yaani siku 29 tu. Waunionisti, wale wanaotaka Ireland Kaskazini ibaki chini ya Uingereza, walikwisha chukia ukaguzi wa mizigo inayotoka Uingereza kuingia bandari za Belfast na Larne, na walikuwa wakiambiwa kila siku kwamba kukigusa kifungu kile ni kuchezea amani. Halafu Tume ikakigusa. Arlene Foster, aliyekuwa waziri kiongozi wa Ireland Kaskazini, alikiita kitendo cha uadui. Siku chache baadaye wakaguzi wa bandarini waliondolewa kwa muda kwa sababu ya vitisho, na mwishoni mwa Machi na Aprili vijana wakachoma moto mitaani usiku hadi usiku. Sisemi chanjo ndiyo iliyowasha moto, kulikuwa na mengi. Lakini jirani yangu, mzee Mkatoliki aliyewatetea Ulaya tangu mwanzo, aliniambia asubuhi ya Jumamosi ile kwamba amefedheheka. Neno lake lilikuwa hilo, amefedheheka.

Saa chache zile ziliwapa watu silaha ya maneno ambayo bado inatumika.

---

Mdau wa Buruburu

Wakuu, nawasoma kutoka Nairobi na naomba mnisamehe nikiwa mkali.

Mnahesabu nani alichanjwa Desemba na nani Februari. Sisi ndege ya kwanza ilitua Machi 3, 2021, dozi milioni moja na elfu ishirini za AstraZeneca kupitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, zilizotengenezwa na Serum Institute ya India. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 47. Kabla mwezi haujaisha India ikazuia mzigo kutoka kwa sababu na wao walianza kuzidiwa. Mama yangu, mwalimu mstaafu, alipata dozi ya kwanza akakaa na kadi mkobani akisubiri ya pili bila tarehe.

Aprili 9 Uingereza ikatuweka kwenye orodha nyekundu ya nchi zilizowekewa masharti makali ya kusafiri. Julai Rais Uhuru alipokwenda London tukaahidiwa dozi 817,000, tukashukuru. Septemba wakatangaza kanuni mpya za wasafiri: aliyechanjwa Afrika ahesabiwe hajachanjwa. Chanjo ile ile ya Oxford! Mama alidungwa kitu kile kile alichodungwa yule bibi wa dada Ngamiani, lakini mkono wake ulikuwa wa Nairobi.

Na Ulaya wasijione wema. Afrika Kusini ilinunua AstraZeneca kwa dola 5.25 kwa dozi, zaidi ya mara mbili ya bei ya Ulaya. Chanjo za Johnson & Johnson zilizojazwa kwenye kiwanda cha Aspen, Gqeberha, zilisafirishwa kwenda Ulaya wakati wenyeji wanapanga foleni hospitalini, mpaka watu walipopiga kelele.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, London na Brussels walikuwa wanagombania sufuria, sisi tuko nje ya jiko.

---

Binti Ngamiani

Kaka wa Buruburu, huhitaji kuomba msamaha. Mama yangu yuko Tanga. Tanzania shehena ya kwanza ya COVAX ilifika Julai 24, 2021, na Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28. Mimi nilikuwa na dozi mbili tangu Machi, mama hana hata moja, na yeye ndiye mwenye sukari. Nilikuwa nampigia simu Jumapili nikaona aibu kumwambia nimechanjwa. Sikumwambia mpaka na yeye alipopata.

Hilo lilinifundisha kitu kuhusu mjadala wa hapa. Wale mawaziri waliosimama kusema sisi ni taifa bora kuliko hao wote (Gavin Williamson alisema hivyo redioni, siku moja baada ya kibali cha Pfizer) walikuwa wanazungumzia dawa iliyobuniwa Mainz na Uğur Şahin na Özlem Türeci, watoto wa wahamiaji wa Kituruki, ikatengenezwa Ubelgiji, ikachomwa mkononi kwa bibi wa Coventry na May Parsons, muuguzi kutoka Ufilipino. Sioni uhuru wa taifa moja pale. Naona watu wengi walioshikana mikono.

---

Mutua wa Reading

Nakubaliana na hilo la mwisho. Lakini nikuulize: mbona basi watu walibadilika tena? Nakumbuka masika ya 2021 hata marafiki zangu wa kubaki walikuwa wananipigia kusema ulikuwa sahihi. Mwaka mmoja baadaye hakuna aliyekumbuka.

---

Binti Ngamiani

Kwa sababu chanjo iliisha kuwa habari, kaka. Ulaya ilichelewa, ikashika kasi. Mwisho wa Agosti 2021 asilimia 70 ya watu wazima wa Umoja wa Ulaya walikuwa wamekamilisha dozi. Kesi ya Tume dhidi ya AstraZeneca iliyofunguliwa Aprili ikamalizwa kwa makubaliano Septemba 3. Na hapa Septemba hiyo hiyo ndipo madereva wa malori walipokosekana na watu wakalala kwenye foleni za petroli. Mimi nilienda kazini kwa miguu siku nne. Novemba 2022 kampuni ya utafiti wa maoni ya YouGov walipouliza, 56 kwa mia walisema kutoka kulikuwa kosa, 32 wakasema ilikuwa sahihi. Sindano unaipata mara mbili au tatu ukasahau. Bei za dukani na mfanyakazi asiyekuwepo unakutana navyo kila siku.

Nyumbani kwetu kazini ilikuwa hivi. Yule dada wa Krakow alirudi kwao Juni 2021. Nafasi yake ilikaa wazi miezi saba. Usiku nilibaki mimi na mwenzangu mmoja kwa wazee 31. Februari 2022 ndipo serikali ikaongeza walezi wa wazee kwenye viza ya kazi za afya, wakaja Wazimbabwe, Wanigeria, na Wakenya wawili ambao sasa tunapika ugali pamoja Jumapili. Kwa hiyo kaka Mutua, ile haki uliyoipigia kura ilifika kwa namna fulani. Halafu Machi 2024 wakazuiwa kuleta wenza na watoto, na Julai 2025 mlango wa walezi kutoka nje ukafungwa. Mmoja wa hao Wakenya ana mtoto wa miaka minne Kakamega anayemwona kwenye simu tu.

---

Mama Leni, Hamburg

Wifi, umenitaja bila kuniuliza, ila nimefurahi, sasa na mimi niseme.

Maneno yale matatu niliyaandika saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimeshika simu mbili. Mama mkwe alipata chanjo mwezi wa tatu. Mimi nafanya kazi chekechea, tulipandishwa kwenye orodha, nikapangiwa AstraZeneca Machi 16. Jioni ya tarehe 15 Ujerumani ikaisimamisha kwa sababu ya damu kuganda, miadi ikafutwa. Waliporuhusu tena, Machi 30 ikawa ni ya wenye miaka 60 na kuendelea, na mimi nilikuwa na 41. Kwa hiyo kitu kilichogombaniwa na Brussels na London Januari nzima, mpaka wakagusa mpaka wa watu, Aprili kilikuwa kimejaa kwenye majokofu hapa na watu wanakikataa. Nilichanjwa Pfizer mwezi wa tano.

Hasira yangu haikuwa kwamba tuko ndani ya Ulaya. Ilikuwa kwamba tuliambiwa kununua pamoja kutatulinda, na waliopewa kazi ya kununua walinunua kama watu wenye muda. Bado nina hasira hiyo. Lakini yale niliyoandika, "mlitoka, mkapona", narudisha neno moja. Mlipona mapema, hilo libaki. "Mlitoka" nalifuta.

---

Binti Ngamiani

Nimelipokea, wifi. Yule bibi wa sweta aliishi mpaka akafikisha 97, kwa hiyo na mimi hilo la kupona mapema silifuti.